Kituo cha Radio ya Paketi: Namna ya Kupokea na Kupitisha Maandiko kutoka Parsele ya Ruashi

Katika misioni nyingi za Kongo watu wanajua foni, ndiyo radio ile ya kusemezana saa zilizopangwa kati ya parokia na makao ya askofu. Kabla ya telefone za mkononi kuenea, foni ilipeleka habari za wagonjwa, za safari, za vifo na za vyakula. Lakini ina kasoro moja: maneno yakipita, yamepita. Asiyekuwa mbele ya chombo saa ile hakusikia kitu, na aliyesikia vibaya aliandika vibaya. Hesabu ya 15 ikisikiwa kuwa 50, ao jina la dawa likigeuka njiani, anayeumia ni mgonjwa.

Iko namna nyingine ya kutumia radio, nayo inaitwa radio ya paketi. Yenyewe haipeleki sauti ya mtu bali maandiko. Inakagua kila paketi ya maneno, na inangoja jibu kwamba imefika salama. Vyombo vyake si vya bei kali. Kijana mwenye akili ya mikono anaweza kusimamisha kituo cha namna hii katika parsele yake, hata Ruashi, katika mji wa Lubumbashi. Tutazame basi mambo haya moja moja: paketi ni nini, kituo cha kupitisha kinafanya kazi gani, vyombo ni vipi, na sheria inaruhusu nini.

1. Paketi ni kitu gani?

Mtu akitaka kupeleka barua ndefu, radio ya paketi inaikata vipande vipande, na kila kipande kinatiwa katika bahasha yake. Juu ya bahasha kumeandikwa alama ya yule anayepelekewa, alama ya yule anayepeleka, na tena alama za vituo vitakavyoipitisha njiani. Ndani mna maneno yenyewe, nayo kwa desturi hayapiti herufi 256. Mwishoni mna hesabu ya kukagua.

Hesabu hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Chombo cha mpelekaji kinahesabu herufi zote kwa kanuni moja na kuandika jumla yake. Chombo cha mpokeaji kinahesabu tena kwa kanuni ileile. Jumla zikipatana, paketi inapokewa na jibu linarudi: «Nimepata.» Zisipopatana, paketi inatupwa, wala haionyeshwi kwa msomaji. Mpelekaji akikosa jibu, anapeleka tena. Kanuni zinazofuatwa na wapenzi wa radio wa dunia yote kwa kazi hii zinaitwa AX.25.

Je, maandiko yanapitaje katika radio iliyofanywa kwa sauti? Kwa msaada wa modemu. Herufi zote zinageuzwa kuwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Modemu ina sauti mbili za filimbi, moja ya herzi 1200 na moja ya herzi 2200. Sauti ikigeuka, ni sifuri. Isipogeuka, ni moja. Ndiyo sababu anayesikiliza kwa masikio anasikia mlio tu wa kukwaruza. Tarakimu 1200 zinapita kwa sekunde moja, maana yake herufi 150. Barua fupi ya herufi 600, pamoja na bahasha zake, inachukua kama sekunde 5. Ni mwendo mdogo mbele ya intaneti: picha na sinema hazifai hapa. Lakini kwa kusema «Daraja limevunjika, msituma gari, mama mjamzito anangoja hapa», inatosha sana.

2. Ilitoka wapi?

Katika mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, njia ya kuunganisha ordinateri za visiwa mbalimbali kwa radio, wakikata maneno kuwa paketi. Mwaka 1978 wapenzi wa radio wa Montreal, katika Kanada, walianza kupeleka paketi kwa ruhusa ya Serikali yao. Katika miaka ya 1980 kazi hiyo ikaenea Marekani, Ulaya na pahali pengi.

Afrika yetu nayo haikubaki nyuma. Januari 1990 setilaiti ndogo UoSAT-3, iliyofanywa katika chuo kikuu cha Surrey, Uingereza, ilirushwa angani. Ilipokea barua juu ya nchi moja, ikazitunza ndani yake, ikaziachilia ilipopita juu ya nchi nyingine. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na mganga Bernard Lown, lilitumia njia ya setilaiti za namna hiyo kwa kupelekea waganga wa Afrika habari za udaktari. Zambia, jirani yetu wa karibu, ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanza kuwa na kituo cha kazi hiyo. Hivi waganga wasio na telefone nzuri walisoma habari za dawa na magonjwa kwa njia ya radio.

3. Kazi ya kituo cha kupitisha

Frekansi za megaherzi 144 hadi 146, ambazo zimewekwa kwa wapenzi wa radio katika sehemu yetu ya dunia, zinaenda karibu kama mwanga: hazipindi sana nyuma ya mlima wala nyuma ya mviringo wa dunia. Basi urefu wa antena ndio unaopima mbali ya safari. Kanuni ni hii: chukua kipeo cha pili cha urefu wa kila antena kwa meta, vijumlishe, kisha zidisha kwa 4,12. Jibu ni kilometa, kama nchi ni tambarare.

Tuseme antena mbili, kila moja meta 9 juu ya udongo. Kipeo cha pili cha 9 ni 3. Tatu na tatu ni 6. Mara 4,12 ni karibu kilometa 25. Vituo viwili vilivyoachana kwa kilometa 40 havitasikiana. Lakini tukiweka kituo cha tatu katikati, kilometa 20 kutoka kila upande, kitawasikia wote wawili na kupitisha maneno ya huyu kwa yule. Kituo hicho cha katikati kikiwa na nguzo ya meta 16, mbali inakuwa karibu kilometa 29. Ni kama njia kutoka Lubumbashi hadi Kipushi. Tusisahau lakini kwamba miti, nyumba za ghorofa na vilima vya mchanga wa mgodi vinapunguza hesabu hiyo.

Kituo cha kupitisha kinaweza kufanya kazi kwa namna mbili.

Namna ya kwanza tuiite ya kasuku. Kasuku akisikia neno, analirudilia palepale, bila kuuliza kama limefika. Ni rahisi na ya bei ndogo. Lakini jibu la «Nimepata» linapaswa kurudi safari yote mpaka kwa mpelekaji wa kwanza. Tuseme katika kila kipande cha njia paketi 8 katika 10 zinapita vizuri. Kwenda ni vipande viwili, kurudi kwa jibu ni vipande viwili tena. Zidisha 0,8 mara nne: unapata 0,41. Maana yake katika safari 100, ni 41 tu zinazokamilika kwa mara ya kwanza. Zilizobaki zote zinaanza upya kutoka mwanzo.

Namna ya pili tuiite ya tarishi. Tarishi anapokea barua, anaikagua, anamwambia mpelekaji: «Nimeipata, enda kwa amani», kisha yeye mwenyewe anahangaika kuifikisha mbele. Kipande cha njia kikikosa, kinarudiliwa kipande kile tu. Tena mpokeaji akiwa amezima chombo chake usiku, tarishi anatunza barua mpaka asubuhi. Kwa parokia na vijiji vya mbali, namna ya tarishi inafaa zaidi.

Iko hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Kila kituo kinasikiliza kwanza, na kikiona njia haina mtu, ndipo kinasema. Ni adabu ileile ya baraza la wazee. Lakini kituo cha upande huu hakisikii kile cha upande ule. Kila kimoja kinafikiri njia ni wazi, vinasema pamoja, na katika sikio la kituo cha katikati maneno yanagongana na kuharibika. Ndiyo maana programu inaamuru kila chombo kungoja kitambo kidogo kisicho sawa na cha mwenzake kabla ya kurudilia. Asiyeweka ngojeo hilo anaziba njia ya wote.

4. Vyombo

Kwanza, radio yenyewe. Radio ya mkononi ya wati 5 inayotoka China hupatikana kwa bei ya dola 30 hivi. Inafaa kwa kujifunza. Lakini kwa kazi ya mchana na usiku ni heri kutafuta radio ya gari iliyotumika, maana ile ndogo inapata moto mwingi ikisema mara kwa mara. Ukitumia ndogo, ipunguzie nguvu.

Pili, ordinateri. Si lazima iwe mpya. Ordinateri ya zamani iliyotupwa na ofisi inaweza kazi hii. Lakini inakula umeme mwingi. Ordinateri ndogo kama Raspberry Pi, isiyopita kiganja cha mkono, inakula kidogo sana.

Tatu, modemu. Zamani ilikuwa sanduku la pekee, tena la bei. Leo programu inafanya kazi yake. Dire Wolf, iliyoandikwa na Mmarekani John Langner, inatolewa bure. Inageuza kadi ya sauti ya ordinateri kuwa modemu, na inajua kazi ya kasuku. Kwa kazi ya tarishi, iko LinBPQ ya Mwingereza John Wiseman. Raspberry Pi haina pahali pa kuingizia sauti, basi ununue kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka.

Nne, waya za kuunganisha: mmoja unatoa sauti kwa radio, mmoja unaleta sauti kwa ordinateri, na wa tatu unabonyeza kifungo cha kusemea kwa njia ya transista. Wako wanaoacha radio ijifungue yenyewe kwa kusikia sauti. Inawezekana, lakini radio inachelewa kufunga kinywa, na jibu la mwenzako linapotea. Pima tena nguvu ya sauti: ikizidi, filimbi zinapasuka na hakuna anayezielewa. Wengi wanafikiri kupaza sauti kutawasaidia, kumbe wanajiharibia.

5. Antena

Antena rahisi ni ya fimbo moja iliyosimama na fimbo nne zilizoinama. Kwa frekansi ya megaherzi 144,8 wimbi lina urefu wa meta 2,07. Robo yake ni sentimeta 52. Fimbo ya kusimama inafupishwa kidogo, iwe sentimeta 49. Zile nne za chini ziwe sentimeta 52, ziinamishwe nusu ya njia kati ya kulala na kusimama. Zote zinafungwa juu ya kiungo kimoja cha kable: ya kusimama kwenye tundu la katikati, zile nne kwenye chuma cha pembeni.

Waya wa shaba mnene wa kutia umeme nyumbani unafaa. Hapa neno moja la dhamiri. Katanga ni nchi ya shaba, na kila mtu wa Lubumbashi anajua kwamba waya nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimekatwa kwenye nguzo za umeme. Kununua waya wa wizi ni kumlipa mwizi na kuacha kartie nzima gizani. Kituo cha kusaidia watu kisijengwe kwa mali ya watu.

Kable nayo ina kodi yake. Kable nyembamba ya RG-58, ikiwa na urefu wa meta 15, inakula karibu nusu ya nguvu katika frekansi hii. Kable nene ya RG-213 inakula kama robo tu. Ni heri kusogeza radio karibu na nguzo kuliko kununua radio kubwa na kupoteza nguvu yake njiani.

Nguzo iwe tiyo ya chuma iliyofungwa kwa waya tatu ao nne za kuivuta. Isimamishwe mbali na waya za umeme za barabarani, mbali kuliko urefu wa nguzo yenyewe, ili ikianguka isiziguse. Wako watu waliokufa kwa kuinua antena chini ya waya za umeme. Halafu, wakati wa masika, tangu Novemba mpaka Machi, radi za Lubumbashi ni kali. Piga fimbo ya chuma ndani ya udongo, ifunge na nguzo kwa waya mnene. Mawingu yakikusanyika, ng'oa kable ya antena na kuiacha nje ya nyumba. Hakuna chombo kinachoweza kushinda radi inayopiga nguzo yenyewe.

6. Nguvu ya umeme

Kituo kinachozimika pamoja na taa za kartie hakisaidii mtu saa ya shida. Basi tufanye hesabu ya batiri. Tuseme radio inayosikiliza inakula ampere 0,3 na ordinateri ndogo ampere 0,2, kwa volti 12. Jumla ni 0,5. Mara saa 24 ni ampere-saa 12. Tuongeze ampere-saa 2 kwa kusema. Kwa siku moja ni 14. Tukitaka kituo kivumilie siku tatu za mawingu, ni 42. Batiri ya risasi isimalizwe kupita nusu, maana inakufa upesi. Basi tutafute ya ampere-saa 84 ao zaidi, kama vile 100.

Na pano ya jua? Ampere-saa 14 mara volti 12 ni wati-saa 168. Tukihesabu saa 4 za jua zuri, ni wati 42. Lakini kwa ajili ya mawingu, vumbi na upotevu, pano ya wati 80 si ya anasa. Katikati ya pano na batiri pawe na chombo cha kupima kushajiwa kwa batiri, na karibu kabisa na batiri pawe na fyuzi. Batiri inayogusanisha waya zake inaweza kuchoma nyumba.

7. Kujaribu kwa mpango

Fundi mwenye haraka anapanda juu ya nguzo siku ya kwanza. Mwenye akili anaanza chini. Kwanza, weka vituo viwili katika vyumba viwili vya nyumba moja, kwa nguvu ndogo kabisa. Badala ya antena tumia kizuizi cha kumeza nguvu. Pili, soma kama paketi zinafika na kurudishiwa jibu. Tatu, pima antena kwa kipimo cha mawimbi yanayorudi. Kipimo kikipita 2, usiseme, tafuta kosa. Nne, jaribu ng'ambo ya mji. Mwisho ndipo uende kijijini. Kila mara andika katika daftari: siku, saa, frekansi, hali ya hewa, paketi zilizopelekwa na zilizofika. Daftari hilo litakufundisha kuliko fundi mwingine.

8. Sheria na dhamiri

Ruashi ni jirani wa uwanja wa ndege wa Luano. Marubani wanasemezana na mnara katika frekansi za megaherzi 118 hadi 137, karibu kabisa na zile zetu. Radio ya bei ndogo isiyo safi inaweza kutupa takataka zake katika sikio la rubani anayeshuka. Kwa hiyo radio ipimwe na fundi mwenye chombo cha kufaa, itiwe kichungi, na nguzo isiinuliwe bila kuuliza wakubwa wa RVA kuhusu urefu unaoruhusiwa. Roho za watu zinapita juu ya mabati yetu kila siku.

Tena, hakuna anayesema hewani bila ruhusa ya Serikali. Mambo ya mawasiliano katika Kongo yanafuata sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Mpenzi wa radio anaomba ruhusa na kupewa alama ya mwito. Zile za nchi yetu zinaanza kwa 9Q. Ni vema vilevile kumweleza mkubwa wa kartie na majirani: nguzo isiyoelezwa inaleta fitina, na watu wanasema huyu ni mpelelezi.

Wengi wanauliza: «Je, parokia inaweza kupitisha barua zake za kazi katika kituo cha mpenzi wa radio?» Jibu ni hapana. Kanuni za dunia zinaweka frekansi hizo kwa kujifunza na kwa urafiki. Haziruhusu biashara wala maneno yaliyofichwa kwa namba za siri. Tena kati ya nchi na nchi haziruhusu kupeleka habari za watu wengine, isipokuwa saa ya msiba mkubwa. Misioni inayotaka barua za kazi, ipate ruhusa ya mtandao wake yenyewe, na frekansi yake. Vyombo na ufundi ni karibu vilevile. Ruhusa ndiyo mbalimbali. Basi mseminari anayejenga kituo leo kwa kujifunza anajitayarisha kutengeneza kesho kile cha jimbo lake.

Kwa kuwa hakuna siri hewani, kila mtu mwenye chombo anaweza kusoma paketi zetu. Majina ya wagonjwa, ugomvi wa ndoa, mashauri ya roho: hayo yote yabaki nje ya radio. Padri ao katekista anayeyaandika humo anayatangaza sokoni.

Wapenzi wa radio Wakatoliki wanamtaja Mtakatifu Maksimiliano Kolbe kuwa rafiki yao mbinguni, maana katika Desemba 1938 alifungua radio katika konventi yake ya Niepokalanów, Polandi. Alitumia chombo cha wakati wake kwa ajili ya watu. Nasi tutazame kwanza ni nani atakayepata msaada: kijiji gani kisicho na telefone, mganga gani anayengoja habari, njia gani inayokatika kila masika. Tukijua hilo, tutajua pahali pa kusimamisha nguzo.

Maswali ya kuzungumza katika chama cha mafunzo:

1. Kwa nini paketi isiyopatana na hesabu yake inatupwa, isisomwe?
2. Kasuku na tarishi wanatofautiana namna gani? Katika parokia yenu nani anafaa?
3. Antena moja ina meta 4, nyingine meta 25. Zitasikiana kwa kilometa ngapi, kama nchi ni tambarare?
4. Katekista wa kijiji cha mbali anataka kujulisha parokia kwamba mtu fulani ana ugonjwa wa kuambukiza. Aandike nini katika radio, na asiandike nini?